Mikia Mitatu ya Mafuko

Juzi tulimzika Bwana Faraj. Wanaume walimbeba haraka vile Waislamu hufanya, jua la saa saba likiwa kichwani, na sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake Kibera tumeketi kwenye mikeka, tunaletewa chai yenye tangawizi ya kuwasha koo. Msichana mmoja wa pale, mtoto wa ndugu yake nadhani, aliniinamia na kikombe akaniuliza, "Shosho, wewe ulimjua marehemu aje?" Nikamwambia tuliwinda pamoja. Akasimama hapo na trei yake. Wamama waliokuwa karibu wakageuza shingo. "Mliwinda nini, shosho?" Nikasema mafuko. Basi wakaangua kicheko, matangani kwa mtu, wengine wakijiziba mdomo kwa leso, wakidhani uzee umeshanipanda kichwani. Mimi sikucheka. Nilimaliza chai yangu, nikachukua andazi la pili, nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Lakini njiani kurudi nyumbani, magoti yakinilalamikia kila hatua, mwaka ule wote ulinirudia, mpaka harufu yake.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya ile mvua ya El Nino. Nilikuwa nakaa Lindi, humo humo Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, na kazi yangu ilikuwa kuwafulia watu nguo mtaa wa Olympic: Jumatatu nyumba hii, Jumatano ile, Ijumaa kwa Mama Kioko, ambaye nyuma ya nyumba yake alikuwa na nyasi na maua aliyoyapenda kuliko watu. Miaka miwili nilimfulia na hakuwahi kuniuliza jina. Aliniita "wewe wa nguo." Wewe wa nguo, usikwangue kola ya mzee. Wewe wa nguo, maji yanaisha. Sikuwa nakasirika, nilikuwa nimezoea, na kitu ukikizoea hakikuumi mpaka uone mwingine akifanyiwa tofauti. Sasa hiyo Ijumaa nimeinama kwenye beseni, naona wanaume wawili wanaingia kwa geti na makoti marefu, gambuti, na mafurushi ya fito begani. Mmoja alikuwa mzee mfupi mwenye meno mawili mbele, huyo ni Mzee Kamande wa Kawangware 46. Mwingine alikuwa mrefu, amevaa kofia nyeupe ya Kiislamu, amebeba mwavuli ingawa hakukuwa na wingu, na huyo ndiye Bwana Faraj. Mama Kioko alitoka mwenyewe, na viatu vya ndani, akawapokea kwa mikono miwili. "Karibuni wataalamu. Ni ninyi tu wa chama cha mafuko mtaniokoa." Wataalamu. Nikaacha kusugua.

Walichokuja kufanya ni hiki. Fuko alikuwa ameingia kwenye zile nyasi, ametupa vichuguu vya udongo kila mahali kama mtu amemwaga karai za mchanga. Fuko humwoni. Anakaa chini, anakula mizizi, viazi, maua, chochote, na akitoboa njia yake mpya hutajua mpaka mmea unyauke. Mzee Kamande alitembea akikanyaga polepole, akasimama, akachimba kidogo, akafungua tundu la njia ya fuko. Ndani akaweka kitanzi cha waya mwembamba. Kitanzi kikafungwa kwenye kamba, kamba ikafungwa kwenye ufito uliokunjwa kama upinde, na ufito ukazuiwa na kauzi kadogo tu kalikopita katikati ya tundu. Fuko hapendi upepo wala mwanga nyumbani kwake. Akisikia baridi inaingia, anakuja na udongo mdomoni kuziba, anasukuma ule uzi, na hapo ndipo mambo huisha. Nilisimama na shati la mzee wa watu linanidondokea miguuni, nikangoja nao. Halafu ule ufito ukaruka. Paa. Nilihisi kama kamba imenivuta mimi tumboni. Udongo ulirushwa mpaka kwenye madirisha, na fuko akawa ananing'inia hewani, mnene, wa kahawia, meno ya rangi ya chungwa. Bwana Faraj akatoa kisu kidogo, akakata mkia, akaufunga kwenye kitambaa safi akauweka mfukoni, kwa adabu, kama mtu anayeweka barua. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na sikuwa nimewahi kutaka kitu vile.

Niliwafuata mpaka getini na povu mikononi. "Wazee, chama chenu kinakutana wapi?" Mzee Kamande akasema 46, nyuma ya hoteli iliyo na mlango wa buluu, Jumapili saa nane. Bwana Faraj akaniangalia kuanzia miguuni. "Mama, ya nini?" Nikamwambia nataka kuingia. Akafungua mwavuli wake, juani hivyo, akaondoka.

Jumapili nilitoka kanisani nikapita Olympic, nikavuka Ngong Road, nikashika njia ya Kawangware kwa miguu. Mbele yangu nikaona kofia nyeupe na mwavuli. Tulitoka Kibera wote wawili, tunaenda mlango mmoja, na njia nzima yeye alikaa hatua hamsini mbele, akigeuka mara mojamoja kuona kama nimechoka. Hakunisalimu, nami sikumwita. Jumapili saba tulitembea hivyo. Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, kimeegemea jiko la ile hoteli, kwa hivyo wakati wote kilinuka githeri na moshi. Kulikuwa na mabenchi mawili, meza ya katibu, na ukutani ubao mrefu wenye misumari. Kila mwanachama alikuwa na msumari wake, na chini ya msumari mikia imepangwa kwenye uzi, mikavu, mifupi kama vidole vya mtoto. Wanachama walikuwa kumi na moja, wote wanaume, wengi wao wazee wa mashamba ya 46, na walikuwa wananyamaza nikiingia vile watu hunyamaza wakiwa wamekusema.

Mzee Kamande ndiye alikuwa mwenyekiti na Bwana Faraj katibu. Sheria alizisoma katibu kwa daftari, sauti ya msikitini. Mgeni anayetaka kuingia alete mikia mitatu kufikia Jumapili ya saba ya mvua ndefu. Mtego autege mwenyewe, kwa mkono wake. Mwenyekiti anaweza kumwonyesha mara moja, si mara mbili. Akishindwa, harudi kujaribu tena maisha yake yote. Na kabla hajaingia, wanachama wakianza kuelezana walivyotega, mgeni anatoka nje, kwa sababu mambo ya mtego hayazungumzwi na mtu ambaye si mwanachama. "Umeelewa, mama?" Nikasema nimeelewa. "Na wale wenye nyumba tunakoenda," akaendelea, na hapa akafunga daftari, "ni watu unaowafulia. Wakikuona umekuja na sisi watasema tumewaletea mtu wa nguo. Chama hiki kina heshima yake." Wengine waliangalia chini. Mzee mmoja akacheka kidogo, akakohoa. Nikasema, "Bwana Katibu, mimi nimekuja kwa mafuko. Hayo ya watu wa nyumba tutayaona mafuko wakiisha." Mzee Kamande akapiga meza. "Andika mgeni." Halafu wakanitoa nje.

Sasa hapo nje ndipo nilipochomeka moyo. Nilikalia kreti ya soda, mgongo kwenye mabati, na mabati yalikuwa na tundu la msumari karibu na sikio langu. Sikuwa nataka kusikiliza siri za watu, lakini sikio halina mlango. Nilisikia vicheko, nikasikia vikombe, nikasikia mtu anaeleza jinsi alivyolala kifudifudi asubuhi nzima kwenye migomba akimsubiri fuko mmoja jike. Mwingine akamwambia, "Wewe ulikuwa umelala usingizi, tuseme ukweli," na chumba kizima kikavunjika. Wakamsema fuko mmoja wa shamba la Mzee Kamande waliyemwita Landlord, kwa sababu amekula viazi vya kila mtu na hajawahi kuhama. Bwana Faraj, ambaye alikuwa na nyumba za kupangisha huko Lindi, hakulipenda hilo jina, na kila likitajwa alisema, "Semeni yule mzee." Huyo fuko alikuwa amewashinda wote. Bwana Faraj mwenyewe alimkosa mara moja, kitanzi kikakosa kiuno kikashika mkia, na fuko akajivuta akaacha ncha tu. Ncha hiyo ilikuwa kwenye msumari wa Bwana Faraj na hawakukubali kuihesabu. Nilikuwa nasikia hayo yote nimekaa kwenye kreti, mvua ya kwanza inaanza kudondoka, na nilitaka kuwa ndani ya kile chumba kuliko nilivyotaka chakula.

Mzee Kamande alinipa kona ya shamba lake, chini karibu na mto, akanionyesha mtego mara moja kama sheria ilivyosema. Leo ukienda hapo utakuta gorofa sita na tangi la maji juu, na vijana wanapiga muziki kwenye balkoni. Mimi nikipita huwa naangalia chini. Najua njia zilizokuwa hapo. Wakati huo ilikuwa viazi vitamu, nduma na ndizi, na udongo mwekundu wa kukushika mguu. Nilitega Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, siku ambazo sikuwa na nguo za watu. Nilitega vizuri, mikono yangu inajua kamba. Nikirudi kuangalia, nakuta tundu limezibwa kwa udongo kutoka ndani, limekazwa kama saruji, na kitanzi kimesukumwa kando hakijaguswa. Jumapili ya pili, bila mkia. Jumapili ya tatu, bila mkia. Pale kwenye kreti nikamsikia Bwana Faraj akisema, "Niliwaambia. Fuko anajua huyu si mtegaji," na mwingine akamjibu, "Labda anamwogopa," wakacheka. Jirani yangu Lindi, Akinyi wa samaki, naye hakuniacha. "Mama Vio, watu wakiniuliza siku hizi unafanya nini niwaambie aje? Unafukuza panya wa chini? Na hata huwashiki?" Aki Akinyi. Mdomo wake ulikuwa mkali lakini kila jioni aliniwekea mkia wa samaki kwenye sahani, akisema angalau huo ni mkia.

Baada ya hiyo Jumapili ya tatu, Mzee Kamande alinikuta shambani nimechuchumaa juu ya tundu lililozibwa, machozi ya hasira yananitoka. Sheria ilimkataza kunionyesha mara ya pili. Kwa hivyo hakunionyesha kitu. Alishika tu mkono wangu, akauleta puani, akavuta, akauachilia. "Ngai," akasema. "Sabuni." Akaenda zake. Nilibaki hapo naangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine. Fuko haoni vizuri, dunia yake yote ni pua. Na mimi nilikuwa nimeloweka mikono kwenye sabuni ya kipande miaka mingi, imeingia mpaka kwenye mifupa. Kila kitanzi nilichoweka kilikuwa kinapiga kelele, mtu wa nguo yuko hapa, mtu wa nguo yuko hapa. Nilisugua ndimu. Nilisugua majivu. Kisha, kwa akili yangu mwenyewe, nikaosha na mafuta ya taa. Hiyo wiki fuko hakuziba tu tundu, alihama upande mzima wa shamba, na Mzee Kamande akapita akinusa hewa bila kuniangalia. Jumapili ya nne, bila mkia.

Zilibaki Jumapili tatu. Nilikaa kitandani Lindi nikafikiria mara moja tu, sikufikiria mara mbili. Nilifunga kitambaa mkono wa kulia, nikazunguka zile nyumba zangu tatu nikasema nimeungua na uji, nipeni wiki mbili. Ulikuwa uongo, na siuombei msamaha. Halafu nikaacha sabuni kabisa. Sikufua, sikuosha vyombo, sikuoga isipokuwa kwa maji matupu, na kila asubuhi nilizika mikono kwenye udongo wa shamba mpaka viwiko, nikakaa hivyo nikiota jua kama mmea. Nilipaka majani ya viazi. Nililala na udongo kwenye kucha. Kanisani nilipata benchi zima peke yangu. Akinyi akasimama mlangoni pangu na pua ameshika. "Mama Vio, unanuka kama shimo." Hakuna aliyewahi kunipa sifa nzuri hivyo. Nilimkumbatia akapiga kelele.

Siku ya tano nilikuwa nimejificha nyuma ya mgomba, mtego uko hatua kumi, na nikaona udongo wa mdomo wa tundu unatikisika. Kidogo tu, kama mtu anavuta pumzi chini ya blanketi. Nikauma kitambaa changu nisipige kelele. Ufito ukaruka. Mpaka leo, nikiwa nimelala mchana na mlango upigwe na upepo, moyo wangu huruka vile uliruka siku hiyo. Nilikimbia nikaanguka kifuani, nikafika kwa magoti. Alikuwa mdogo, hakuwa fuko wa kumsema, lakini mkia ni mkia. Jumapili ya tano niliuweka mezani kwa katibu. Akauinua kwa kalamu, akauangalia pande zote, akasema, "Mmoja." Jumapili ya sita nikaleta mwingine, mkubwa, wa jike. "Wawili," akasema, na safari hii hakutumia kalamu, aliushika kwa vidole. Nikatoka nje kwenye kreti yangu. Kupitia tundu la msumari nikamsikia Mzee Kamande akisema, "Na akileta wa tatu?" Bwana Faraj akafunga daftari, paa.

Hapo ndipo Mama Kioko alituma msichana wake wa nyumbani mpaka Lindi. Ilikuwa Alhamisi. Wageni wanakuja kutoka Machakos, kuna mablanketi sita na mapazia ya nyumba nzima, kesho nije ama nisije tena, kuna mwanamke mwingine ameshaulizia. Msichana alisema hayo akiangalia ukutani kwa sababu ya harufu yangu. Sasa fikiria. Nikiweka mikono kwenye sabuni Ijumaa, Jumamosi sitashika fuko, na Jumapili ndiyo ya saba. Nisipoenda, nyumba ya Ijumaa imekwenda, na mvua hiyo ilikuwa ya njaa kwetu sote. Akinyi akasema niende nifue, mafuko hawana shukrani. Nililala nikiwaza, nikaamka nimepata.

Nilifua kwa miguu. Mablanketi tumekuwa tukiyakanyaga siku zote, lakini siku hiyo nilikanyaga kila kitu, mapazia, mashuka, soksi. Nilijifunga mifuko ya nailoni mikononi, nikaikaza na mpira, nikaiinua juu kama pasta anayebariki, na chini miguu inaenda kama mtu anayecheza ngoma kwenye povu. Kukamua nilikamua na nailoni. Mama Kioko alitoka akanikuta hivyo. "Wewe wa nguo, umepatwa na nini?" Nikamwambia, "Mkono bado, mama. Lakini angalia hilo pazia kama lina doa." Akaliangalia, halikuwa na doa. Saa kumi nilitoka pale miguu imekunjamana, myeupe, imeiva, na mikono yangu ina udongo wa 46 vilevile.

Jumamosi alfajiri nilikuwa shambani. Mzee Kamande alikuwa amekwenda harusini Limuru, kwa hivyo nilikuwa peke yangu na Landlord, kwa maana yule ndiye fuko pekee aliyekuwa amebaki upande ule. Niliacha ndara zangu kwenye njia kwa sababu matope yalikuwa yanazimeza. Nikatafuta njia yake mpya, nikaifungua, nikaweka kitanzi na mikono yangu ya shimo, kazi safi hata mimi nilijisifu. Nikajificha. Nusu saa haijaisha, tundu limezibwa. Nikafungua mbele kidogo, nikategea hapo. Limezibwa. Mara ya tatu limezibwa haraka zaidi. Nikanusa mikono: udongo. Nikanusa kitanzi: udongo. Nikakaa chini nikakata tamaa, nikavuta magoti kifuani, na harufu ikanifikia. Miguu. Nilikuwa nimezunguka lile shamba miguu mitupu na sabuni ya blanketi sita, nimekanyaga mdomo wa kila tundu. Nilijitukana maneno ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyajua.

Lakini nilipokuwa bado najitukana niliona kitu. Landlord alikuwa hazibi ovyo. Kila mahali niliposimama, yeye alikuwa ameziba na kusogea upande wa pili. Nilisimama juu, akaenda chini. Nikasimama kushoto, akaenda kulia. Alikuwa ananikimbia mimi. Wanachama kumi na moja walikuwa wamekaa mvua tatu wakimngoja aje. Hakuna aliyewahi kumfukuza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu cha kumfukuzia. Nikainuka. Nilirudi kwenye njia nikakata majani ya ndizi, nikayatandaza ili nikanyage hayo tu, nikaenda mpaka mwisho wa njia yake chini kwa mto, na hapo, nimelala kifua juu ya majani, miguu iko mbali nyuma yangu hewani, nikatega mtego mmoja. Kisha nikazunguka mbali, nikaja upande wa juu, nikafungua tundu na kutia mguu wangu wa kulia ndani mpaka kwenye kifundo. Nikahesabu polepole. Nikautoa, nikaenda hatua tatu chini, nikafungua, nikatia wa kushoto. Namna hiyo nilimsukuma shamba zima, tundu kwa tundu, kama mtu anayefunga milango ya nyumba akimtoa mgeni asiyetaka kuondoka. Mvua ilianza. Sikuisikia. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilipotia mguu kwenye tundu la sita nilimsikia, nawaambia, nilimsikia akipita chini, mtetemo mdogo kwenye unyayo. Halafu huko chini kwa mto ufito ukaruka na majani ya ndizi yakapaa.

Alikuwa mzito kama mtoto wa paka aliyeshiba. Mkia wake haukuwa na ncha.

Jumapili ya saba nilivaa rinda la kanisani na viatu vya ngozi. Mikono sikuiosha, nilikuwa nimeiapia mpaka jioni. Lakini miguu niliisugua kwa ile sabuni ya kipande, kwa heshima. Chumba kilikuwa kimejaa kuliko siku zote. Nikaweka kitambaa mezani nikakifungua. Bwana Faraj aliuangalia ule mkia muda mrefu. Aliinuka, akaenda kwenye ubao, akatoa ile ncha yake kwenye msumari, akairudisha mezani akaiweka karibu na mkia. Vikalingana sawasawa, mkato kwa mkato. Benchi zote mbili zikainuka kuja kuona. Mzee mmoja akasema, "Ni yeye, ni Landlord," na Bwana Faraj hakumrekebisha. Alikaa. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa. Nilijua anachotaka. Miaka mitatu alikuwa amemngoja huyo fuko na mvua ikimpiga, na sasa jibu lilikuwa limesimama mbele yake na rinda la maua.

"Ulimtoaje?" akauliza.

"Bwana Katibu, mambo ya mtego hayazungumzwi na mtu ambaye si mwanachama."

Mzee Kamande alianza kutikisika kwa kicheko bila kutoa sauti, meno yake mawili nje. Bwana Faraj akaniangalia, akaangalia mkia, akaangalia mlango, akaniangalia tena. "Mtego uliutega kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

Akafungua daftari. Akachovya kidole mate, akageuza ukurasa mpaka kwenye orodha ya wanachama, akashika kalamu. "Jina. Si Mama Violet. Jina lako."

Nikalitaja, Loise Kageha, akaliandika herufi moja moja kwa mwandiko wake mzuri, namba kumi na mbili, akapuliza wino ukauke. Mgeni angetoka nje. Hakuna aliyenitoa. Mtu akasogea kwenye benchi nikapata nafasi, mwingine akafunga mlango, na githeri na moshi vikabaki ndani pamoja nasi.

"Haya, Loise," akasema Bwana Faraj. "Sema."

Nikainama, nikavua kiatu cha kulia, nikainua mguu wangu nikauweka mezani kwake, pale kando ya daftari.

"Nusa," nikamwambia.